Mkono wa Kerubo na Kalibu ya Jiwe

Tarehe nane Februari mwaka huu alifariki Kerubo, nesi, mama yake Moraa, mwanamke aliyenipangisha chumba cha chini nyumbani kwake Champlin mwaka wangu wa kwanza Marekani. Moyo ulisimama akiwa anakunja nguo. Ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi wenye makaburi wawashe mashine ya kuipasha moto kabla ya kuchimba, na sisi tukasubiri ndani ya magari na injini zikinguruma. Kanisani, mumewe, Ombati, alishika maikrofoni kama mtu aliyetumwa kuuza kitu. Alisema Kerubo alikuwa mlenga shabaha hodari kuliko wanawake wote wa klabu, jambo ambalo ni kweli. Kisha akasema, "Mimi ndiye nilimfundisha. Na mwaka ule mkono wake ulipoanza kutetemeka, ni mimi nilimsimamia, nikamtengenezea risasi kwa mikono yangu, mpaka mkono ukatulia." Watu wakaitikia amina. Mchungaji akatikisa kichwa kwa uchungu. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, na sikusema kitu, kwa sababu msibani sisemi kitu. Nilikula wali wao, nikabeba sahani, nikamkumbatia Moraa, nikaendesha gari hadi nyumbani. Lakini mkono wa Kerubo haukutetemeka hata siku moja mwaka ule. Nilikuwepo. Nilikuwa nikiishi upande wa pili wa ukuta.

Chumba changu kilipakana na gereji. Kilikuwa na zulia la kijani lililonuka unyevu, kitanda cha Moraa cha utotoni ambacho miguu yangu ilikipita, na dirisha dogo juu ambalo kuanzia Novemba lilionyesha theluji tu, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Upande mmoja kulikuwa na tanuru la kupasha nyumba joto, upande mwingine gereji, na ukuta wa gereji ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua nani amekuja kwa namna anavyokohoa. Kila Jumamosi asubuhi wanaume walikuja. Ombati aliendesha gari la kubeba wagonjwa siku za kazi, na siku za Jumamosi alikuwa profesa. Wenzake wa kanisani walikaa kwenye viti vya plastiki kuzunguka jiko la gesi lililoyeyusha risasi kwenye sufuria ya chuma, mlango wa gereji umeinuliwa nusu ili moshi utoke, makoti wamevaa, na walizungumza. Sijawahi kusikia watu wasiojua kitu wakikizungumza kwa muda mrefu namna ile. Mtu alikuwa ameona video. Mwingine alikuwa na shemeji Texas. Wote walikubaliana na Ombati, na Ombati alikubaliana na nafsi yake.

Nieleze kazi yenyewe, maana wengi msibani walitikisa vichwa bila kujua wanatikisia nini. Katriji ya bastola ikishafyatuliwa, ganda lake la shaba hubaki zima. Mtu mbahili, au mtu anayependa kazi ya mikono, huliokota, hulisafisha, hutia fataki mpya chini, hupima baruti, kisha hukandamiza kichwa kipya, kile kinachoruka kwenye shabaha, juu kwa mashine ndogo ya mkono. Vichwa vya dukani vina koti la shaba. Vya nyumbani ni risasi tupu, ile metali laini yenyewe, iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kisha kupakwa nta. Risasi yao waliipata kwa Papa Justin, Mkongo aliyefanya kazi ya matairi. Alikuwa akikusanya vile vipande vidogo vinavyogongwa kwenye rimu ili gurudumu lizunguke sawa, akavileta kwenye gunia. Kazi hiyo haina ubaya wowote, hata ina utulivu wake. Kerubo aliipenda kwa sababu hiyo. Alikuwa na sheria moja tu, ya kinesi, maana risasi ni sumu ikiingia mdomoni: hakuna chakula gerejini, na mikono ioshwe kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa mlango wa jikoni. Ombati alikuwa akiingia na vidole vyeusi na kuchukua chapati kwenye sahani. "Wewe na madawa yako," alimwambia mkewe. "Babu zetu walikuwa wanafua chuma." Moraa, aliyekuwa darasa la tano, alimjibu kwa Kiingereza kwamba huo ni uchafu, akasogeza sahani upande wake. Ndiye pekee aliyethubutu.

Sasa kalibu. Kalibu ya kununua ni ya alumini au chuma, na haina hadithi. Ombati alitaka hadithi. Kwao ni karibu na Tabaka, ambako watu huchonga lile jiwe laini la Kisii kuwa sahani na viboko na wanandoa wanaokumbatiana, na alipokwenda nyumbani kumzika baba yake alirudi na vipande viwili vya jiwe hilo jeupe lenye mishipa ya waridi, amevifunga ndani ya suti. Alivisugua vikawa bapa na kulalana bila mwanya, akachonga tundu katikati, nusu huku nusu kule, akaweka mfereji wa kumiminia juu. Nitasema ukweli: ilikuwa kitu kizuri cha kutazama. Jiwe lile halipasuki kwa joto, na vichwa vilitoka laini kama shanga. Wanaume walikuja kuiangalia kama watu wanaokuja kumwona mtoto mchanga, wakaipitisha mkono kwa mkono. "Alumini ni ya Mzungu," Ombati alisema, nami nikamsikia nikiwa nimelala. "Hili ni jiwe la baba yangu." Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na hakuwahi kuchonga hata kijiko, hilo alinieleza Kerubo. Lakini wanaume waliinamisha vichwa kwa heshima, na kuanzia siku ile hakuna mtu katika nyumba ile ambaye angeweza kusema neno juu ya kalibu bila kuonekana anamtukana marehemu.

Kosa lilikuwa hili. Ili kupata kipimo cha tundu, Ombati alichukua kichwa cha dukani, chenye koti la shaba, akakitumia kama mfano. Akakizungusha ndani ya jiwe mpaka kikakaa barabara. Alijivunia ukaribu ule: hata unywele haupiti, alisema. Hakujua, na hakuuliza, kwamba risasi tupu haitakiwi kulingana na shaba. Inatakiwa iwe nene zaidi kidogo, izibe mtutu kabisa. Na tena risasi ikipoa husinyaa. Kwa hiyo kila kichwa kilichotoka kwenye jiwe la baba yake kilikuwa chembamba. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko unene wa karatasi, na jicho haliwezi kuiona. Mtu anayeuliza angeweza kuipima kwa kipimo cha bei ya chakula cha mchana. Kipimo hicho kilikuwepo gerejini, kimetundikwa kwenye msumari, na wanaume walikitumia kufungulia soda.

Kerubo alilenga shabaha kila Alhamisi jioni na kundi la wanawake, kwenye klabu iliyokuwa upande wa kaskazini, mbali na nyumba. Alikuwa na bastola ya silinda, lile gurudumu la matundu sita la kutilia risasi, ya zamani, nzito, aliyoinunua mwenyewe. Alitumia risasi za dukani na alikuwa akimshinda mumewe, na nadhani hapo ndipo penye shina la mambo yote, ingawa sina ushahidi zaidi ya uso wa Ombati nilivyouona mezani walipokuwa wakitaja alama. Mwaka ule Ombati alisema kununua ni ujinga wakati mume anatengeneza. Kerubo akakubali ili pawe na amani. Na mara moja karatasi zake za shabaha zikaanza kuharibika kwa namna ya ajabu. Kila jioni risasi za kwanza zilikaa katikati. Zilizofuata zikaanza kutoka pembeni. Za mwisho zilikwenda popote, nyingine zikatoboa karatasi ubavu ubavu, kama zilikuwa zikipinduka hewani. Ombati aliitandaza karatasi juu ya meza ya jikoni na kuisoma kama daktari.

"Unaona? Unaanza poa, halafu mkono unachoka."

"Sijasikia kuchoka," Kerubo alisema.

"Huwezi kusikia. Ndio maana nakwambia mimi. Wewe ni nesi, si unajua hizi vitu zinaanza polepole?"

Nilikuwa nimesimama kwenye sinki nikiosha sufuria. Nilimwona Kerubo akiutazama mkono wake wa kulia. Mama yake mzazi alikuwa ametetemeka mikono miaka mingi kabla ya kufa, hadi akalishwa. Ombati alijua hilo. Alikuwepo kwenye ndoa hiyo muda wa kutosha kulijua.

Nimeishi sasa muda mrefu kiasi cha kuwajua watu wa aina yake, na siku hizi nawatambua kabla hawajaketi. Si waongo. Mwongo anajua ukweli uko wapi na anaukwepa. Hawa hawajawahi kuutafuta. Ombati hakumdanganya mkewe. Alimwambia jambo la kwanza lililomjia kichwani, na kwa kuwa lilitoka kinywani mwake likawa ukweli. Kanisani, wiki ile ya Februari, alilia machozi halisi. Na nitasema hili pia kwa sababu ni haki yake: majira yote ya baridi ya mwaka ule alinikwangulia barafu kwenye kioo cha gari kila alfajiri kabla ya lake mwenyewe, hakunikumbusha hata mara moja, na hakutaka asante. Sijui nifanye nini na jambo hilo. Halibadilishi maoni yangu.

Kazi ya kusafisha bastola aliifanya Kerubo mwenyewe, chumba cha kufulia, juu ya mashine ya kukaushia, na mimi nilikaa juu ya kapu la nguo nikimsindikiza. Alizungushia nyuzi za shaba za kusugulia sufuria kwenye brashi kuukuu na kuisukuma ndani ya mtutu. Vilitoka vipande vya kijivu vinavyong'aa, virefu, vyembamba, kama karatasi ya chokoleti. Alivikusanya kwenye kitambaa na kuvitazama. Mtutu ulikuwa na ukoga wa risasi, hasa upande wa nyuma, karibu na silinda, pale kichwa kinapoingia. Mifereji ya ndani, ile inayokipa kichwa mzunguko, ilikuwa imejaa mpaka imefutika. Ukishasugua hadi mkono unauma, ungeweza kuiona tena. Na Alhamisi iliyofuata, bastola ikiwa safi, risasi za kwanza zingekaa katikati, na Ombati angesema, "Jana ulilala vizuri." Hakuna siku aliyokosa maelezo.

Alipoambiwa juu ya ukoga, aliitisha baraza la gereji. Nilisikia lote. Mmoja alisema risasi ni laini mno, ndiyo sababu inajipaka. Basi wakaanza kuangusha vichwa vikiwa moto kwenye ndoo ya maji ya theluji ili viwe vigumu. Ukoga ukazidi. Mwingine alisema ni nta haitoshi; wakapaka nta mpaka vichwa vikafanana na maandazi. Moshi ukazidi, na ukoga ukabaki. Mwingine, yule mwenye shemeji Texas, alisema dawa ni kufyatua chache za shaba mwishoni, zifagie mtutu. Papa Justin alisikika akivuta pumzi kati ya meno. "Aah, non, Papa, ile si muzuri," alisema, kwa sauti ya chini, na wakamcheka kwa Kiswahili chake. Mimi pia walinicheka kwa changu. "Nyinyi Watanzania mnaongea ni kama mnaomba msamaha," Ombati alipenda kuniambia. Papa Justin akarudi kumwaga gunia lake. Chakula cha Jumamosi kilikuwa matoke na nyama, na kilikuwa kizuri.

Mwezi wa Machi Kerubo alianza kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Ni jambo dogo, mtu mwingine asingeliona, lakini mimi nilikula naye kila siku na kufanya naye kazi. Ndiye aliyeniingiza kwenye nyumba ya wazee huko New Hope, mimi nikiwa msaidizi wa kuogesha na kulisha, yeye nesi wa ghorofa. Alikuwa mtu wa kuitwa. Mzee akiwa amekauka na mishipa imejificha, na wengine wamemdunga hadi mkono umekuwa wa bluu, waliniambia, nenda kamwite Kerubo. Alikuwa akikaa kwenye kiti, hakusimama, akaushika ule mkono kana kwamba anausalimia, na sindano ikaingia. Mwezi ule alianza kusema, "Mwite mwingine." Kisha nikasikia kutoka kwa wenzake wawili waliokuwa wakizungumza kwenye chumba cha mapumziko kwamba ameomba kuhamishiwa ofisi ya kumbukumbu, akapange mafaili. Nilimwuliza tukiwa garini.

"Sesi, mdogo wangu," alisema, "sitaki kungoja mpaka nimuumize mtu."

"Lakini hujatetemeka, dada. Mimi nakuona."

"Wewe unaniona kwa upendo. Karatasi haina upendo."

Aliamini karatasi. Alikuwa mtu makini, ndiyo sababu aliamini. Mtu mzembe angeilaumu bastola, upepo, jirani. Kerubo alitazama ushahidi aliopewa na mtu aliyemwamini, akahukumu mkono wake. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisamehe, na nilikuwa nikilifikiria kanisani wakati watu wakiitikia amina.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, theluji ikiyeyuka na maji yakitiririka kwenye njia ya gari, Papa Justin alikuja mapema na gunia lake. Ombati alikuwa ameenda kujaza mtungi wa gesi. Kerubo alikuwa gerejini, bastola mezani, silinda imefunguliwa pembeni, anasugua ukoga kwa mara ya mwisho, kwa maana alikuwa ameshasema ataiuza. Mimi nilikuwa nikipanga maganda. Papa Justin alisimama akimtazama akisugua. Alikuwa mtu mrefu, mwenye vidole vyeusi vya matairi, na aliwaita watu wote papa na mama hata wadogo zake. Akauliza kwa nini anauza, na Kerubo, ambaye hakuzoea kueleza mambo yake, alinyoosha mkono wa kulia mbele yake na kusema, "Kwa sababu ya huu."

Papa Justin aliutazama mkono. Ulikuwa umetulia kama meza. Akatazama mlango. Kisha akachukua kichwa kimoja kutoka kwenye kopo la Ombati, akainua silinda mikononi, akakidondosha kwenye tundu mojawapo kwa nyuma. Kikapita moja kwa moja, kikatokea mbele, kikaanguka mezani. Tok. Akafanya tundu la pili. Tok. Matundu yote sita, kichwa kilipita kana kwamba hakuna kitu.

"Ona, mama. Iko naanguka yenyewe." Akatoa kichwa kingine mfukoni mwake, cha risasi tupu vilevile, alichokuwa amemimina mwenyewe kwa kalibu ya alumini. Akakidondosha. Kiliingia, kikafika mbele kwenye mdomo wa tundu, kikakwama. Akachukua penseli akakisukuma kidogo, kikatoka. "Hii njo muzuri. Inapaswa ikatae kidogo. Ile ya Papa Ombati ni nyembamba. Donc moto inapita pembeni, inayeyusha risasi, inapaka ndani ya mutu... ndani ya mtutu. Ukipiga mara moja, mbili, haina neno. Ukipiga mingi, mtutu inajaa, kichwa inaenda ovyo. Si mukono yako, mama. Mukono yako haina kitu."

Kerubo alikiokota kile kichwa chembamba. Akakidondosha mwenyewe. Tok. Akakidondosha tena. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Umejua tangu lini?" aliuliza.

Papa Justin alikuna shingo. "Tangu Noël."

 Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati. "Papa Ombati hapendi kuambiwa," akasema. "Na mie nakula kwake. Quand même, hata hivyo, mama, angekasirika."

Tangu Krismasi. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, alijua tangu Krismasi, akala matoke kila Jumamosi huku mwanamke aliyemkarimu akiaga kazi yake kidogo kidogo. Nimemdharau Ombati kwa miaka mingi, lakini dharau hiyo ina joto ndani yake, nimemzoea. Papa Justin nilimdharau kwa baridi siku ile na sijapata sababu ya kuacha. Alikuwepo msibani pia, amezeeka, amevaa suti nzuri, na aliponijia na kusema "Poleni sana, mama Sesi," nilimpa mkono, kwa kuwa msibani mtu hupeana mkono.

Ombati alirudi na gesi. Kerubo alimwonyesha. Hakupandisha sauti, alidondosha kichwa kwenye silinda mbele yake na kumweleza, na Papa Justin alikuwa tayari amekumbuka ana shughuli nyumbani. Ombati alisikiliza akiwa bado ameshika mtungi.

"Nani amekwambia?"

"Nimeona mwenyewe."

"Hiyo jiwe ni ya baba yangu, Kerubo."

"Jiwe sina neno nalo, Baba Moraa. Tundu ndilo dogo. Tulipanue kidogo tu."

"Ukiligusa hilo jiwe usiniite mume." Akaweka mtungi chini. "Na nikwambie kitu. Hata nikikupatia bazuka. Mkono ni mkono." Kisha akanigeukia mimi, akitabasamu, kama mtu anayemwalika shahidi: "Si ndiyo, Sesi? Sema basi, Mtanzania. Omba msamaha kwa niaba yake."

Nikasema, "Shemeji, kichwa kinaanguka." Akacheka. Aliingia ndani kula bila kunawa.

Jumapili baada ya ibada wanaume walikuwa na kikao chao, na Moraa alibaki kwa rafiki yake. Kerubo alibadilisha gauni la kanisani, akavaa ovaroli ya Ombati, akachukua kalibu. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa utulivu ule. Alitoboa kichwa kimoja kwa nyuma, akakazia skrubu ndani yake ili apate mpini, akakipaka unga wa kusugulia vali aliouchanganya na mafuta, akakiweka ndani ya tundu. Mimi nilishika nusu mbili za jiwe kwa viganja viwili vyenye glavu, nikizibana, na yeye akakizungusha kile kichwa kwa bisibisi, taratibu, huku na huku. Unga mweupe ulitoka kama unga wa muhogo. Aliosha jiwe, akalikausha vizuri sana kwenye jiko, kwa sababu tone la maji likikutana na risasi iliyoyeyuka, risasi hurukia uso. Akamimina. Akaacha kichwa kipoe chenyewe juu ya kitambaa. Ndoo ya maji aliimwaga nje kwenye theluji iliyobaki, akisema ugumu hausaidii kitu kisichoziba. Akakidondosha kwenye silinda. Tok. Akarudia kusugua. Alimimina tena. Tok, lakini sauti ilikuwa imechelewa kidogo. Tukanywa chai jikoni, tumenawa mpaka viwiko, tukarudi. Jua lilikuwa limefika upande wa pili wa njia ya gari wakati kichwa kilipoingia kwenye tundu na kukaa kimya. Kerubo alisubiri, kama mtu anayesubiri mlangoni. Akachukua penseli akasukuma. Kilitoka kwa shida kidogo, ile shida inayotakiwa. Akajaribu matundu mengine, yote yakakataa hivyo hivyo. Hakufurahi kwa sauti. Alisema tu, "Haya," akarudisha kalibu mahali pake, ikiwa imetazama upande uleule.

Ombati hakugundua. Jumamosi ilipofika yeye mwenyewe ndiye aliyemimina vichwa hivyo, mbele ya baraza lake, akisifia mishipa ya waridi. Wiki iliyofuata alituendesha hadi klabu, kwa kuwa alitaka, nadhani, kuwepo siku ya mwisho ya bastola ile. Mimi nilikaa kwenye benchi nyuma ya kioo. Kerubo alifyatua akajaza tena, akafyatua, akajaza tena, zaidi ya ilivyokuwa kawaida yake, na wanawake waliokuwa pembeni waliacha zamu zao wakatazama. Alipovuta karatasi yake, matundu yalikuwa yameungana yakawa moja lenye kingo mbaya, ningeweza kulifunika kwa kifuniko cha chupa ya dawa. La mwisho lilikuwa humo humo na la kwanza. Aliielekeza bastola tupu kwenye taa, silinda ikiwa wazi, akachungulia mtutu, kisha akanipa nichungulie. Ulikuwa unang'aa mpaka mwisho. Mifereji yote ilionekana, ikizunguka.

Ombati aliichukua ile karatasi. "Enhe!" alisema kwa wanawake wale, kwa Kiingereza kwanza kisha kwetu. "Si niliwaambia? Mkono ulitaka tu kuzoea. Na jiwe limekubali sasa. Jiwe linataka subira." Alimpiga mkewe begani. Kerubo alimtazama muda mfupi.

"Ndiyo, Baba Moraa," alisema.

Nilimwuliza kesho yake tukiwa garini kwenda kazini, na nilimwuliza kwa hasira. Kwa nini hakumwambia? Kwa nini amwachie? Alikuwa akiendesha, mikono yote miwili kwenye usukani, mto chini ya daraja umejaa vipande vya barafu.

"Nilitaka kujua mkono wangu, Sesi. Nimejua. Yeye acha ajue anachotaka."

Sikukubaliana naye siku ile, na sikubaliani naye leo. Ukimwachia mtu wa namna ile uongo mdogo, ataubeba miaka yote na siku ya mazishi yako atausimamisha mbele ya watu. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini mkono ulikuwa wake, na ndoa ilikuwa yake.

Tulipofika alikwenda kwanza ofisini kwa msimamizi, akaondoa ombi lake la kuhama, akatoka na kuvaa beji yake. Mafaili yakabaki bila mtu. Baada ya chakula cha mchana kulikuwa na mzee mmoja chumba cha mwisho ambaye hakuwa amekunywa maji kwa siku kadhaa, na wauguzi wawili walikuwa wameshamdunga mikono yote miwili bila kupata kitu. Mmoja wao aliniambia niende nikatafute mtu. Sikuuliza nani. Kerubo alikuja, akavuta kiti, akaketi, akaushika ule mkono uliojaa michubuko. Mzee alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi. Kerubo alipapasa kwa kidole kimoja chini ya kiwiko, akapata alichokitaka, na sindano ikaingia. Damu ilionekana kwenye mrija. Mzee hakuamka.